Kaniki, Kanzu na Leso: Jinsi Nguo Zilivyotangaza Cheo cha Mtu

(Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa jioni mbele ya mkutano wa wazazi na vijana. Tumeyachapa karibu yote kama yalivyosemwa.)

Nimeombwa niseme nanyi juu ya mavazi ya zamani. Nilipoipata barua ya mwaliko nilicheka kidogo, maana kazi yangu ni kufasiri maneno, wala sijui kushona hata kifungo. Lakini nilikumbuka jambo moja la nyumbani kwetu, na jambo hilo ndilo lililonifanya nikubali.

Nilipoanza kupata mshahara, nilimnunulia nyanya yangu kitambaa cha kaniki, cheusi, kizito, ambacho mwenye duka alikisifu sana kwa kudumu. Nyanya alikishika, akakigeuza huku na huku, akanishukuru kwa adabu, kisha akakikunja na kukiweka kando. Sikumwona akikivaa hata siku moja. Mwisho nilimwuliza sababu. Akanijibu, "Mjukuu wangu, mama yake mama yangu aliiacha nguo hiyo makusudi." Hakuongeza neno, nami nikaona aibu kumwuliza zaidi. Basi ikanibidi nitafute mwenyewe maana ya maneno yale, na niliyoyapata ndiyo nitakayowaeleza jioni hii.

Katika miji ya pwani yetu, yaani Lamu, Mombasa, Bagamoyo, Unguja na mingineyo, miaka mia moja na hamsini iliyopita, mtu aliyekutana na mgeni njiani hakuwa na haja ya kumwuliza, "Wewe ni nani?" Alimtazama kichwani, akamtazama miguuni, akajua mara moja kama ni mwungwana au mtumwa, na kama yampasa kumwamkia au kungoja aamkiwe. Nguo haikuwa jambo la kupenda tu. Ilikuwa hukumu ambayo mtu aliibeba mwilini, na mwingine ndiye aliyemhukumu.

Inafaa tuanze na kitambaa chenyewe. Nguo ya watu wengi wakati ule iliitwa merikani. Ni kitambaa cha pamba, kigumu, hakikutiwa rangi wala hakikufanywa cheupe. Mwaka 1833 Seyyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, alifanya mapatano ya biashara na Marekani, na wafanya biashara wa mji wa Salem katika Massachusetts wakawa wakileta merikebu zao Unguja. Walishusha vitambaa, wakapakia pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Watu wakakipenda kitambaa chao kwa nguvu zake, wakakiita kwa jina la nchi kilikotoka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani kuanzia mwaka 1861 hata 1865, pamba ikawa adimu, na wenye viwanda wa Bombay na Uingereza wakaingia mahali pao. Kitambaa kikawa cha Bombay, lakini jina likabaki merikani hata leo. Sisi wafasiri twafurahi tunapoona neno linang'ang'ania namna hiyo baada ya mwenyewe kuondoka.

Merikani hiyo haikuwa nguo tu, bali ilikuwa fedha pia. Misafara iliyokwenda bara ilichukua mitumba ya merikani na kaniki kama vile sisi tuchukuavyo noti mfukoni. Ilipimwa kwa shuka, yaani mikono minne, na kwa doti, yaani mikono minane. Kwa doti mpagazi alilipwa, chakula kilinunuliwa, na chifu alipewa hongo yake ili msafara upite. Stanley alipojiandaa kule Unguja mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, sehemu kubwa ya mizigo yake ilikuwa vitambaa na shanga. Chifu wa bara hakutaka merikani hafifu ya wapagazi. Alidai nguo za rangi, zenye milia na mapindo, na mara nyingine kabila zima likatambua ukuu wa mtu kwa nguo aliyoivaa kutoka pwani.

Sasa tuirudie kaniki. Ni kitambaa kilichotiwa rangi ya nili hata kikawa buluu iliyokoza sana, karibu na nyeusi. Kilikuwa rahisi bei, na uchafu wa kazi haukuonekana upesi. Kwa hiyo mabwana waliwapa wajakazi wao waliolima na kuteka maji, nao walijifunga kipande kimoja chini ya kwapa. Mtwana wa shamba alijifunga kipande cha merikani kiunoni, basi. Kichwa chake kilikuwa wazi, na miguu yake mitupu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyeandika desturi za Waswahili katika kitabu kilichochapwa Ujerumani mwaka 1903, aeleza jinsi mambo ya kofia na viatu yalivyotenga mwungwana na mtumwa. Mtumwa aliyevaa viatu mbele ya waungwana alihesabiwa kuwa amekosa adabu, kama kwamba amewatukana kwa kinywa.

Mwungwana naye alivaa kanzu ndefu, na kofia nyeupe iliyodariziwa kwa sindano siku nyingi, na miguuni makubadhi ya ngozi. Aliyekuwa mkubwa zaidi aliongeza kizibao, kisha kilemba, kisha joho lenye nyuzi za dhahabu, na kiunoni jambia lenye ala ya fedha. Mabibi wa Kiarabu wa nyumba kubwa walivaa kanzu za hariri na suruali za marinda, na usoni barakoa. Binti mmoja wa Seyyid Said, Bibi Salme, ambaye alitoroka Unguja mwaka 1866 na kukaa Ujerumani, aliandika kitabu juu ya maisha yake kilichotoka mwaka 1886, na humo ameyaeleza mavazi ya jumba la baba yake kwa urefu. Anayetaka kujua hariri ilivyokuwa na amsome yeye. Mimi sina ujuzi wa hariri.

Lakini msidhani ya kuwa watumwa wote walivaa matambara. Hapa pana jambo ambalo lilinishangaza. Tajiri aliyetoka nyumbani kwake siku ya sikukuu alifuatwa na watumwa waliovikwa vizuri, na bibi mkubwa aliwavika wajakazi wake vidani na vipuli. Mpita njia aliyeona vipuli vile hakusema, "Mjakazi huyu ni tajiri." Alisema, "Bibi yake ni tajiri." Hata pambo lililokuwa sikioni mwake halikuwa lake, na sifa ya pambo ilikwenda kwa mwingine.

Katika Lamu desturi hii ilifika mbali zaidi. Bibi mwungwana alipotaka kwenda kumtazama jamaa yake, alitembea ndani ya shiraa. Shiraa ilikuwa kama hema la kitambaa, limeshikiliwa kwa miti, na walioishika miti ile walikuwa wajakazi. Bibi alikwenda katikati, haonekani hata ncha ya kidole, na wale waliombeba heshima yake walitembea nje ya hema, wanaonekana na kila mtu. Stara ya mmoja ilijengwa juu ya wengine kukosa stara. Nawaomba mkumbuke shiraa hiyo, maana nitairudia.

Mnajua ya kuwa utumwa haukwisha kwa siku moja. Mwaka 1873 Sultani Barghash alilazimishwa na Waingereza kulifunga soko la watumwa la Unguja na kuzuia watumwa kusafirishwa baharini. Mwaka 1890 ikatolewa amri ya kukataza kuuziana watumwa. Hapa kwetu, mwanzoni mwa mwaka 1889, watumwa wapatao 1,400 waliotoroka mabwana zao na kukimbilia kwa wamisheni, Rabai na mahali pengine, walipewa hati za uhuru baada ya mabwana zao kulipwa. Unguja na Pemba sheria ya kuufuta utumwa ilitolewa mwaka 1897, nayo pwani ya Kenya ikangoja mpaka mwaka 1907.

Lakini isomeni ile sheria ya Unguja ya mwaka 1897. Haikusema, "Kuanzia leo ninyi nyote ni huru." Ilisema ya kuwa mtumwa atakaye uhuru na aende mahakamani kuuomba, na bwana wake atalipwa fidia. Na masuria walitengwa kando, hata mwaka 1909. Wengi hawakwenda mahakamani. Wengine waliogopa, wengine walikuwa na shamba la kulima kwa bwana wao na hawakutaka kulipoteza, na wengine hawakuona kwa nini wamwombe mtu kitu ambacho Mungu aliwapa bure. Mahakamani hawakwenda, lakini kwa mshona nguo walikwenda.

Wanaume waliotoka utumwani waliifuata kanzu na kofia. Hamali aliyebeba magunia ya karafuu bandarini mchana kutwa, amejifunga kitambaa kiunoni, alioga jioni akavaa kanzu nyeupe na kofia, akaenda msikitini, akakaa safu moja na mtu ambaye baba yake angalimpiga kwa kuvaa kofia ile. Wako wazee waliochukizwa sana. Walisema ya kuwa siku hizi humjui mtu. Na kweli hiyo ndiyo iliyokuwa nia, kwamba usimjue mtu kwa kumtazama, umwulize.

Wanawake walifanya jambo kubwa zaidi, maana wanaume walichukua nguo iliyokuwako, lakini wanawake walitengeneza nguo mpya. Zamani Wareno walileta vitambaa vya mkononi vya rangi, na kutokana na neno lao tumepata neno leso. Vitambaa hivyo viliuzwa katika mtandio mmoja usiokatwa, kimoja baada ya kingine. Katika miaka ya 1870 na iliyofuata, wanawake wa Unguja na Mombasa walivinunua sita kwa pamoja, wakavikata vitatu vitatu, wakaviunga safu mbili, wakapata nguo moja pana yenye rangi na mapambo. Wafanya biashara wa Kihindi hawakukawia kuona faida. Wakaagiza nguo ya namna hiyo ichapwe nzima katika viwanda vya Ulaya, isiyo na mshono. Za kwanza, wasema wengi, zilikuwa na madoadoa meupe kama ndege kanga, na jina likashika. Unguja wakaita kanga, nasi Mombasa tukabaki na leso. Mtu asigombane na mwenziwe juu ya jina. Nimekwisha kuamua ugomvi huo mara nyingi ofisini na sina nguvu tena.

Wakubwa wa viwanda vya Uholanzi na Manchester walijikuta wakitumikia mabwana wasiowategemea, yaani wanawake waliokuwa wakilima jana. Michoro iliagizwa kutoka pwani, na nguo ilisafiri miezi kabla ya kufika. Ikifika, na wanawake wakaona ya kuwa mchoro wake ni wa msimu uliopita, haikununuliwa, hata ikishushwa bei. Tajiri mwenye robota nyingi za kanga zilizopitwa na wakati alikuwa kama mwenye samaki wa juzi. Fikirini, mtu aliyepewa kaniki bila kuulizwa rangi, sasa anakataa mzigo mzima wa merikebu kwa kuwa maua yake hayakumpendeza!

Kisha yakaja maneno. Kanga ina mji, yaani katikati yake, na pindo kuizunguka, na juu ya pindo la chini jina lake. Majina hayo kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kizungu. Hapa Mombasa nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanza mwaka 1887, ilijulikana sana kwa leso zenye alama ya "Mali ya Abdulla". Mwanamke ambaye mama yake hakuruhusiwa kumjibu bibi yake aliweza sasa kuchagua dukani neno analolitaka, akalivaa, akapita nalo mbele ya mlango wa yule anayemkusudia. Hakutukana mtu, alipita tu njiani na nguo yake.

Na bado kanga huuzwa kwa doti. Kipimo kile kile kilichotumiwa kulipia wapagazi na hongo ndicho mama zetu wanachokitaja dukani wanapotaka leso mbili zinazofanana. Sijui neno jingine la biashara ya zamani lililoingia nyumbani mwetu kwa unyenyekevu namna hii.

Pamoja na leso, watu walibadili na majina. Mtoto mmoja alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, kwa wazazi wa ukoo wa utumwa, akaitwa Mtumwa binti Saad. Alichuuza vyungu, akahamia mjini mwaka 1911, akaimba, na mwaka 1928 akaenda Bombay sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri. Hakuna amjuaye kwa jina la Mtumwa. Dunia yamjua kwa jina la Siti, nalo maana yake ni bibi mwenye heshima.

Sasa niirudie shiraa kama nilivyoahidi. Utumwa ulipokwisha, hakukuwa na wa kuishika miti. Mabibi wa nyumba kubwa walitaka bado kujisitiri, na hema haliendi peke yake. Wakati huo huo lilifika buibui kutoka Arabuni, vazi jeusi ambalo mwanamke hulivaa mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini lilienea, na kufika miaka ya 1930 lilivaliwa Unguja na mabibi wa kila daraja. Aliyekuwa ndani ya shiraa alitoka akalivaa, na mjukuu wa aliyeshika mti alilivaa pia, wakapita barabara moja wote weusi, wala hukuweza kuwatenga. Wageni wengi wameliandika buibui kama kifungo tu. Naona hawakuuliza nani alikatazwa kujisitiri kabla yake. Ukaya wa kaniki, ule mtandio mrefu uliofungwa chini ya kidevu na wajakazi, ulitoweka polepole, na sikusikia ya kuwa yuko aliyeulilia.

Mabwana na Mabibi, mtaniuliza, "Na sisi wa bara je?" Nguo za pwani zilipanda na misafara. Kanzu ilifika Buganda na Waarabu waliokwenda kwa Kabaka Suna tangu mwaka 1844, ikawa kwanza nguo ya barazani kwa mfalme, na leo hakuna arusi ya Kiganda isiyo na kanzu. Kule Wanga, Nabongo Mumia aliyewapokea wafanya biashara wa pwani mjini kwake alionekana katika mavazi yao. Huko kote kanzu ilikuwa nguo ya ukubwa.

Kisha Nairobi ikajengwa, na kanzu ikageuzwa maana. Katika nyumba za walowezi na katika mahoteli, mtumishi wa mezani alipewa kanzu nyeupe, mshipi mwekundu kiunoni na tarbushi, na hata akiwa na mvi aliitwa boi. Nguo aliyoitamani hamali wa Unguja kama ushahidi wa uhuru wake, mtu wa Nairobi aliivaa kama alama ya utumishi. Viatu navyo vilikuwa na hadithi yake, kwa maana askari wengi wa Kiafrika wa King's African Rifles walitembea miguu mitupu katika vita vya mwaka 1914 hata 1918, nao maofisa wao walivaa buti. Na kuanzia mwaka 1920 serikali ya kikoloni iliwavika wanaume pambo ambalo hawakuliomba, kipande ndani ya bweta la bati, kilichoning'inizwa shingoni kwa kamba. Wanaume walikichukia kwa sababu ile ile ambayo nyanya yangu hakuivaa kaniki. Karani aliyesoma alikimbilia koti, suruali ndefu na tai, na mshahara wa mwezi ukaishia kwa mshona nguo kabla haujafika nyumbani. Tuwacheke makarani wale kama tutakavyo, lakini tuwacheke na wale hamali wa karafuu pia, ikiwa tuna haki.

Mzee mmoja aliyepika na kuhudumu mezani Nairobi kabla ya mwaka 1963 alinisimulia alivyokuwa akifanya. Yeye alikuwa Mwislamu, mtu wa Pumwani. Kazi ilipokwisha alivua tarbushi, akavua mshipi mwekundu, akavaa kofia yake mwenyewe aliyodariziwa na mkewe, akatoka kwa mlango wa jikoni na kanzu ile ile. Kufika Pumwani vijana walimwamkia, wakampisha, wakamwita mzee na shehe. Nikamwuliza kama hakupewa kanzu nyingine ya kutembelea. Akacheka. "Kanzu haikuwa na makosa," akasema. Mshipi aliutundika msumarini, nyuma ya mlango wa jikoni, mpaka asubuhi.